Mfupa Uliopungua na Zamu ya Maji ya Jumanne

Kitongoji cha Mkombo,
Gonja,
Same.
31 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Sefania,

Nimepoteza vitu viwili, na tarehe zake ninazo. Cha kwanza ni asilimia kumi na tisa ya mfupa wa paja langu la kushoto, pale juu karibu na nyonga, kati ya tarehe 21 Machi 2023 na tarehe 19 Machi 2024. Cha pili ni zamu yangu ya maji ya Jumanne kwenye ndiva ya Mkombo, bwawa letu la kumwagilia, iliyoondolewa jina langu Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023 kwa maandishi yako. Cha kwanza sikuombi unirudishie, maana hata ungetaka huwezi. Cha pili unaweza, kwa mistari mitatu na sahihi.

Najua barua ya watu waliolelewa vizuri huanza na salamu. Mama angekuwa hai angenirudishia karatasi hii niiandike upya. Basi pokea salamu zako sasa. Marahaba, ingawa hujaniamkia. Presha yako inaendeleaje? Na macho ya wifi yangu Ernesta, yale matone aliyopewa yamemfaa? Nasikia Sumbawanga baridi ya mwaka huu imewakaza mpaka mkavaa makoti ndani ya nyumba. Sisi huku hatujambo. Ukungu ulikaa juu ya Gonja siku tisa mfululizo mwezi wa saba, mbwa wakawa wanabwekea watu wa nyumbani kwao. Mimi ni mzima, nakula, nalala, natembea. Hilo la kutembea ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Nilipiga mara nne tangu Aprili. Mara mbili ulisema uko kikaoni, mara moja mtandao ulikatika pale pale nilipotaja maji, na mara ya nne nitaieleza mbele. Ujumbe nilioutuma uliujibu kwa kidole gumba. Barua haina kidole gumba, Sefania. Barua inakaa mezani inakutazama.

Sasa nianze mwanzo, maana ulikuwa mbali na mengi uliyasikia kwa midomo ya watu.

Unajua nyonga yangu haikuvunjika. Ililika. Tangu nikiwa na miaka kumi na saba nilishuka na debe la tangawizi kichwani mpaka barabarani, nikapanda na chumvi na mafuta ya taa. Hakuna aliyenirithisha hata mche mmoja. Vishamba vyangu vitatu nilivipata kimoja kimoja, na mwaka 1998 wazee wa maji wakaandika jina langu kwenye kitabu cha ndiva, jina langu mwenyewe, si la mume wala la baba, kwa sababu nilikuwa nimehudhuria msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzoa tope, miaka kumi na miwili bila kukosa hata mmoja. Nyonga ndiyo iliyolipa safari zile. Nilipofika miaka sitini na miwili gegedu lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na tarehe 14 Machi 2023 nikabadilishiwa nyonga katika hospitali kubwa, mbali na milima hii.

Siku ya pili tu baada ya upasuaji, binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anaitwa Tausi, mwembamba kama mpini wa fagio, alikuja kitandani akaniambia, "Mama, shuka." Nikamwambia ninaumwa. Akasema, "Najua. Shuka ukiumwa." Nikakanyaga. Hatua sita kwenda, sita kurudi. Siku ya tano nilifanya arobaini. Nilipotoka alinipa karatasi ya mazoezi na maneno matatu: kanyaga kila siku.

Hospitali hiyo hiyo ilikuwa inafanya utafiti kwa watu waliobadilishiwa nyonga, na mimi nikakubali kuandikwa. Tulikuwa thelathini na mmoja. Unalazwa juu ya meza, mkono wa mashine unapita juu yako taratibu bila kukugusa, na mwisho unaambiwa mfupa unaozunguka chuma ulichowekewa una madini kiasi gani. Kipimo cha kwanza, wiki moja baada ya upasuaji, kilitoa gramu 1.12 kwa kila sentimita ya mraba, pale juu upande wa ndani wa paja. Namba hiyo niliiandika kwenye jalada la daftari langu la tangawizi, nayo iko mpaka leo.

Halafu nikarudi nyumbani, na nyumbani kukawa na sheria ya mwaka 1987.

Unaikumbuka kuliko mimi. Mama alianguka kwenye kingo za mawe za shamba, mguu ukavunjika, na yule fundi wa mifupa kutoka Maore akamfunga banzi na kusema miezi sita mguu usiguse ardhi. Wewe ulikuwa kijana wa miaka ishirini. Ulimbeba mama mgongoni asubuhi na jioni miezi sita mizima, na mfupa ukashika, na mama akatembea mpaka alipofika miaka themanini na moja. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayeisahau kazi ile, wala mimi.

Ndiyo maana uliposikia kwamba nimefika nyumbani, ulipiga simu ikawekwa sauti kubwa sebuleni, na watu wote wakakusikia ukisema, "Dada asikanyage mpaka mfupa ushike." Wakaitikia kama kanisani. Lakini Sefania, kulikuwa na mfupa gani wa kushika? Hakikuvunjika kitu. Mguu wa mama ulikuwa na ufa, wangu una chuma. Tulichukua dawa ya mguu mmoja tukaupa mguu mwingine, kwa sababu tu yote ni miguu ya nyumba moja.

Na kama ujuavyo watu wetu, wakiamua kusaidia hawasaidii nusu. Wilbard jirani yangu alichukua kiti cha mbao, akakipigilia miti miwili ubavuni, kikawa cha kubebwa na watu wanne. Zamu zikapangwa kama za msaragambo: Jumatatu ukoo wa huku, Jumanne wa kule, Jumapili wanakwaya. Maji nililetewa, makande nilipikiwa, mpaka simu nilishikiwa nikiongea. Wewe ukatuma na kiti cha magurudumu, ambacho kwa mteremko wetu kilifaa kuku kutagia mayai.

Sitakudanganya, mwezi wa kwanza nilikipenda kile kiti. Mtu aliyebeba tangu ujana wake, siku anabebwa anajiona amefika. Nilipita juu ya mabega ya watu nikiwaona majirani kwa chini, nikawa nawasalimu kama askofu. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu, naandika kwa mkono wangu.

Miezi mitatu baada ya upasuaji nikapelekwa kipimo cha pili: 1.05. Daktari Jabiri, ambaye ndiye msimamizi wa utafiti, aliniuliza natembea kiasi gani kwa siku. Nikamwambia ukweli, kwamba nabebwa. Alivua miwani akaiweka mezani. Akanieleza jambo ambalo nataka ulisome polepole, maana hapa ndipo tulipoachana mimi na wewe.

Kile chuma kimeingizwa ndani ya mfupa wa paja kama mpini ndani ya jembe. Ukisimama, uzito wako unashika njia ya chuma, unateremka nacho, unatua chini kwenye paja. Ule mfupa wa juu uliokuwa ukibeba kila kitu unabaki unatazama tu. Na mwili ni bahili. Haulishi kibarua asiyelima. Ukiona mfupa hauna kazi, unaanza kuchota madini yake kidogo kidogo na kuyapeleka kwingine. Hilo linampata kila mwenye nyonga ya chuma, zaidi mwaka wa kwanza, hata akitembea vizuri. Anayetembea hupungukiwa na hicho kinacholiwa na chuma. Asiyetembea kabisa hupungukiwa na cha chuma na cha kiti.

Nilirudi nikayasema hayo nyumbani, nawe ukaambiwa. Ukajibu kwa simu, na maneno yako watu wanayarudia mpaka leo: "Huyo daktari anataka takwimu. Mimi namtaka dada." Ni maneno mazuri. Yaliniliza. Na yaliniweka kwenye kiti miezi mingine mitano.

Wakati huo barua yako ya tarehe 3 Juni ilikuwa imekwisha kusomwa kwenye kamati ya maji. Uliandika kwamba kwa kuwa dada hatapanda tena kwenye ndiva, zamu ya Jumanne iwe kwa Hezroni mtoto wa baba mdogo, mpaka wewe, msimamizi wa nyumba ya baba, utakapothibitisha kwa maandishi kwamba amepona. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa mita arobaini kutoka pale walipokutania, nimekaa kwenye kiti, nasikia vicheko vyao.

Kipimo cha miezi sita kilikuwa 0.96. Piga hesabu mwenyewe: asilimia kumi na nne imekwenda, na bado mwaka haujafika nusu ya pili.

Kilichoniinua si hekima, ni matope. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, mwaka ule wa mvua zilizobomoa njia, tulikuwa tunatoka kanisani. Wilbard na Hezroni walikuwa mbele, vijana wawili wa kwaya nyuma. Kwenye kona nyembamba Wilbard akateleza, mti ukazama kwenye tope, na kiti kikaegama mimi ndani yake kama gunia lililofungwa vibaya. Hakuna aliyeumia. Wakajaribu kukitoa, kikazama zaidi.

"Mama Asteria, usisogee," Wilbard akasema, anahema. "Tunaita watu wengine wanne."

Nikamuuliza, "Wa kunibeba mimi, au wa kuwabeba ninyi?"

Nikashika mti mmoja wa kiti uliokuwa umechomoka, nikautia chini, nikasimama. Hezroni akapauka.

"Dada, kaka Sefania atasema nini?"

"Sefania yuko Sumbawanga," nikamwambia. "Hapa kuna matope."

Nikatembea. Hatua mia tatu na kumi na mbili mpaka mlangoni kwangu, nilizihesabu, na kila moja iliuma mahali pake. Wao wanne wakanifuata wamebeba kiti kitupu, maana hawakujua wakifanyie nini. Bibi Faustina alikuwa amekaa barazani kwake. Akatutazama wote tulivyofuatana, akauliza, "Leo mmembeba nani?" Wilbard akamjibu, "Kiti, bibi. Kimechoka." Nilicheka mpaka nikalazimika kuegemea ukuta.

Tangu siku ile sijabebwa. Nilimpigia Tausi kesho yake, akanitukana kwa adabu, kisha akanipangia upya. Hatua mia moja asubuhi, mia jioni, kila wiki ongeza hamsini. Kusimama mguu mmoja nimeshika meza, nahesabu mpaka kumi. Kupanda ngazi moja ya jiko na kushuka, mara ishirini. Maziwa, dagaa, jua la saa mbili. Kile kiti cha magurudumu nilimpa bibi Faustina, ambaye uwanja wake ni tambarare. Kile cha miti Wilbard alikipasua kuni.

Kipimo cha mwaka mmoja kilisema 0.91. Hapo ndipo penye ile asilimia kumi na tisa. Nilimwomba Daktari Jabiri anigawie: kiasi gani kimeliwa na chuma na kiasi gani na kiti. Akakataa. Alisema kwa mtu mmoja haiwezekani kusema hivyo, watu wanatofautiana mifupa kama sura. Lakini alinionyesha kundi lote. Wastani wa wenzangu kwa mwaka ule ulikuwa asilimia kumi na mbili. Wangu kumi na tisa. Hizo saba za katikati daktari hakuzipa jina, nami kwenye barua sitazipa. Ila ninazijua zilipokuwa zimekaa.

Sasa nije kwenye ile simu ya nne, ya mwezi wa tano mwaka huu. Nilikuambia, mdogo wangu, nimepona, niandikie kamati wanirudishie Jumanne yangu. Nawe ukasema, "Dada, wewe mwenyewe umeniambia mfupa umepungua asilimia kumi na tisa. Halafu unataka kwenda kuzoa tope?"

Umeelewa ulichofanya? Namba niliyokupa kwa mdomo wangu umeifanya fimbo ya kunirudisha kitini. Unaisoma ile kumi na tisa kama ushahidi kwamba sikai vya kutosha. Mimi nakuambia ni risiti ya kukaa. Mfupa haukupungua kwa sababu nilikwenda kwenye ndiva. Ulipungua miezi ambayo sikwenda hata jikoni.

Na hujauliza kipimo cha mwisho. Huniulizi, kwa hiyo nakuandikia: tarehe 18 Machi 2025, miaka miwili, kilikuwa 0.93. Haukushuka tena, Sefania. Umesimama, na umerudi juu kidogo. Daktari Jabiri alisema nisiitangaze hiyo 0.02 kama ushindi, maana mashine nayo ina kupepesuka kwake, na kwamba mfupa ule hautarudi 1.12 nikiwa hai. Nikamwambia sihitaji 1.12, nahitaji usioshuka. Akasema hilo ndilo analoliona. Picha pia inaonyesha chuma hakijalegea popote, na chini ya paja mfupa ni ule ule tangu siku ya kwanza, haukupoteza kitu.

Sikufichi hatari. Mfupa uliopungua unaozunguka chuma, mtu akianguka vibaya, unaweza kupasuka pembeni ya chuma, na upasuaji wake ni mkubwa kuliko wa kwanza. Nilimwuliza daktari hilo kabla yako. Jibu lake lilikuwa kwamba watu huanguka kwa miguu dhaifu, na miguu dhaifu hutoka kitini. Kwa hiyo nimetia kamba ya kushikia njia yote ya choo, nimevaa viatu vyenye meno, sipandi kukiwa na utelezi, na fimbo ninayo. Mipaka yangu ninayo kwa maandishi: nisiruke, nisichuchumae chini kabisa, nisibebe zaidi ya kilo kumi. Nimejaza karai nusu kwa tope la ndiva nikalipima kwenye mizani yangu ya tangawizi. Kilo nane na robo. Nitabeba nusu karai na nitafanya safari mara mbili ya wenzangu. Mwenye haraka asinisubiri.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye ukuta wa ndiva ni hatua elfu moja mia moja na arobaini, zote za kupanda. Januari nilizimaliza kwa dakika arobaini na nane nikipumzika mara sita. Juzi Ijumaa nilitumia dakika ishirini na sita na nikapumzika mara moja, na hapo ni kwa sababu nilikutana na mtu wa kupiga naye soga. Nakwenda siku tano kwa wiki. Nafika, nakaa ukutani, natazama maji yaliyokusanyika usiku yakifunguliwa na kushuka mfereji wa watu wengine. Jumanne natazama yakienda kwa Hezroni.

Sina ugomvi na Hezroni. Ametunza mfereji wangu, na kila mara nikimfuata anasema, "Mimi sina neno, dada. Mwenye kalamu yuko Sumbawanga." Nilikwenda na kwa Anaeli, ambaye siku hizi ndiye katibu wa maji. Nilimwonyesha karatasi za hospitali, nikatembea mbele yake kwenda na kurudi kama ng'ombe wa mnadani. Alinihurumia, nikaona. Kisha akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye barua yako. "Mama Asteria, macho yangu yanakuona umepona," akasema. "Lakini kitabu hakina macho. Kinataka mwandiko wa aliyekutoa."

Kwa hiyo si Hezroni, si Anaeli, si chuma. Ni wewe.

Sasa sikia kilichopo. Msaragambo wa kuzoa tope kabla ya vuli ni Jumamosi tarehe 27 Septemba. Unajua desturi: anayeshika karai siku ile ndiye mwenye maji mwaka mzima, na jina lisilosomwa siku ile hungoja mwaka mwingine. Lakini safari hii kuna zaidi. Anaeli ananunua kitabu kipya kwa sababu cha zamani kimeliwa na mchwa, na majina yatakayosomwa tarehe 27 ndiyo yatakayoandikwa humo. Zamu iliyo kwa Hezroni kwa muda itaandikwa kwake moja kwa moja. Hakuna atakayenuia ubaya. Itakuwa tu imeandikwa. Jina langu lililoingia mwaka 1998 litabaki ndani ya kitabu cha mchwa, na tangawizi yangu ya kishamba cha juu, ambayo mwaka wa pili huu inaishi kwa umande na huruma, nitaing'oa.

Nami nikiing'oa nitakuwa sina sababu ya kupanda zile hatua elfu moja mia moja na arobaini. Hapo ndipo mfupa utakaposhuka kweli, na hakutakuwa na mtu wa kumlaumu.

Sisemi ulinitakia mabaya. Mtu aliyembeba mama yake mgongoni miezi sita hawezi kuona mguu wa dada yake akasema ukanyage. Najua ulikuwa unanibeba kwa njia pekee uliyoijua, kutoka kilomita mia kadhaa, kwa simu. Ila umebeba vya kutosha, mdogo wangu. Nitue.

Habari nyingine ni chache. Binti yangu Asteria yuko huku kwa muda, ameleta wajukuu kwa likizo, wananifuata njiani wakinihesabia hatua na kunidhulumu kila wanapofika tisini. Kanisa limepata paa jipya upande wa kwaya. Wale samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu mliokuwa mkiwapenda wameanza kupandishwa tena mpaka sokoni, nikimpata mtu wa safari nitamtumia wifi waliokaushwa vizuri. Mwanao Benson mwambie shangazi yake amesikia kwamba amefaulu na kwamba hakumpigia kumweleza.

Msalimie sana Ernesta, na mwambie macho asiyafanyie mchezo, dawa atie kwa saa. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Wilbard anakusalimu na anauliza kama una kiti kingine cha kupasua. Bibi Faustina anasema Mungu akulipe kwa magurudumu. Aliyemwinua mama yetu na kuniinua mimi akuinue na wewe kila asubuhi, akupe mifupa ya kwenda na akili ya kujua pa kwenda.

Nataka jibu, nalo liwe moja. Kama ni ndiyo, mwandikie Anaeli kwamba Ruthi amepona na zamu ya Jumanne irudi kwa jina lake, utie sahihi, picha itangulie kwa simu na karatasi ifuate kwa basi. Kama ni hapana, niandikie mimi hapana, na chini yake uweke namba moja ya kunionyesha nilipokosea. Usinipe "tutaongea". Usinipe kidole gumba. Ijumaa tarehe 19 Septemba, saa kumi jioni, nitakuwa nimekaa ukutani kwa ndiva, simu mkononi, na Anaeli atakuwa kando yangu na kitabu.

Ndiyo au hapana, Sefania?

Dada yako akupendaye hata akiwa amekunja uso,

Ruthi